Nazi, Ufuta na Mbarika: Mafuta ya Kupaka katika Historia ya Pwani

Kwa karne nyingi wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwa vya Komoro, walijipaka mafuta yaleyale waliyopikia au kuwashia taa. Aina tatu ndizo zilizotawala: mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, ambao wengi huuita simsim, na mafuta ya mbarika, yaani nyonyo. Hapakuwa na duka la vipodozi wala chupa yenye maandishi ya kueleza ngozi gani itumie mafuta gani. Hata hivyo uchaguzi ulikuwepo, na ulifuata umri wa mtu, majira ya mwaka, hali ya ngozi na kile kilichopatikana shambani au bandarini.

Mbarika ndio mmea wa nyumbani kuliko yote. Chimbuko lake ni kaskazini-mashariki mwa Afrika, na mbegu zake zimekutwa katika makaburi ya kale ya Misri. Huota wenyewe jaani, kando ya mito na nyuma ya nyumba, na hauhitaji mkulima. Mbegu zilikaangwa kidogo, zikatwangwa, kisha zikachemshwa kwa maji mengi mpaka mafuta yakaelea juu na kuenguliwa. Mafuta hayo ni mazito, yanateleza polepole na hukaa juu ya ngozi kwa muda mrefu. Kwa hiyo pwani yalitumika zaidi kichwani, kwenye visigino vilivyopasuka na mahali palipokakamaa. Bara yalikuwa na heshima kubwa zaidi: miongoni mwa Wakikuyu yalichanganywa na udongo mwekundu na kupakwa mwilini na kwenye nywele, na katika nyanda za juu zenye baridi na upepo mkavu uzito wake ulikuwa faida.

Ufuta ulikuja na jahazi. Ulianza kulimwa katika Bara Hindi zaidi ya miaka 4000 iliyopita. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mafuta ya ufuta pamoja na ngano, mchele, samli na nguo za pamba miongoni mwa bidhaa zilizoletwa kutoka bandari za magharibi mwa India hadi Pembe ya Afrika. Huenda mafuta yalitangulia katika mitungi. Baadaye mbegu zikapata udongo mwepesi wa Malindi, Lamu na Mrima, pwani ya bara inayoelekea Unguja, zikastawi huko.

Habari za mnazi ni ndefu zaidi. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba minazi ya dunia imegawanyika katika makundi mawili makubwa, moja la Bahari ya Hindi na jingine la Pasifiki, na kwamba minazi ya Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki imechanganya damu ya makundi yote mawili. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mabaharia wa Kiaustronesia, walewale ambao uzao wao uko Madagaska hadi leo, walibeba nazi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Al-Masudi, mwandishi Mwarabu aliyesafiri hadi nchi ya Zanj, yaani pwani hii, mapema katika karne ya 10, aliitaja nazi miongoni mwa vyakula vya huko. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza kwa urefu namna mafuta ya nazi yanavyotengenezwa alipoandika habari za Dhofar, huko Oman ya kusini, na akaeleza kwamba yalitumika kwa taa, kwa chakula na kwa nywele za wanawake. Dhofar na pwani ya Waswahili zilikuwa zikitembeleana kwa pepo zilezile, na matumizi hayo matatu ndiyo yaliyoonekana pande zote mbili.

Kazi ya kutoa mafuta ya nazi nyumbani ilikuwa ya wanawake, na haijabadilika sana pale inapofanywa hadi leo. Nazi iliyokomaa, si koroma wala dafu, hupasuliwa na kukunwa kwa mbuzi. Machicha hutiwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza lililo zito hutengwa. Tui hilo huachwa usiku kucha hadi sehemu yake nzito ipande juu, kisha huenguliwa na kubandikwa jikoni. Hapo ndipo uzoefu huonekana. Moto ukizidi, mashapo huungua na mafuta huwa mekundu yenye harufu ya kuungua. Moto ukipungua, maji hubaki ndani na mafuta huchacha mapema. Mpikaji husikiliza chungu: maji yakiisha mlio wa kuchemka hubadilika, mapovu hupungua, na mashapo huanza kupata rangi ya kahawia. Huepuliwa papo hapo, huchujwa kwa kitambaa na kutiwa chupani. Nazi kumi na kadhaa hutoa chupa moja tu, na ndiyo sababu mafuta mazuri ya nazi hayakuwahi kuwa kitu cha kumwagwa ovyo hata katika nchi iliyojaa minazi.

Ufuta ulihitaji nguvu zaidi ya mikono. Katika miji kama Unguja na Lamu ulishindikwa kwa kinu kikubwa cha gogo kilichozungushwa na ngamia. Ngamia alifungwa macho, akafungwa kwenye mti ulioshikilia mchi mzito, akazunguka siku nzima katika chumba chenye giza na harufu nzito ya mbegu zilizosagika. Mafuta yalitiririka chini ya kinu, na mashudu yaliyobaki yakalishwa mifugo. Mafuta ya namna hiyo yalikuwa ya kuuzwa, si ya kujitengenezea, na kwa hiyo mtumiaji wa ufuta mjini alitegemea mwenye kinu, hali mtumiaji wa nazi alitegemea mkono wa mama yake au wa jirani.

Matumizi yaligawanyika kwa mantiki iliyo wazi. Mafuta ya nazi yalihesabiwa kuwa mepesi na yasiyotia joto mwilini, kwa hiyo yalikuwa ya kila siku na ya mtoto mchanga, ambaye alikandwa na kunyooshwa viungo baada ya kuogeshwa. Mafuta ya ufuta yalihesabiwa kuwa ya kutia joto. Ndiyo yaliyotumika kumchua mtu mwenye maumivu ya mgongo na viungo, na mara nyingi yalitiwa karafuu. Majira nayo yalikuwa na neno. Wakati wa kaskazi, jasho na unyevu wa hewa huifanya ngozi ing'ae yenyewe, na mafuta mengi ni mzigo. Wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, hewa hupoa, upepo hukausha, na ngozi hupauka miguuni na kwenye viwiko. Mafuta yaliongezwa wakati huo, na yalipakwa mwili ungali na maji kidogo baada ya kuoga. Desturi hiyo ndogo ni ya busara kubwa, kwa sababu kazi ya mafuta si kuongeza maji katika ngozi bali ni kuyazuia yasitoke.

Mafuta yalikuwa pia chombo cha kubebea manukato. Asmini, kilua na mlangilangi vililowekwa ndani yake ili harufu ihamie humo. Liwa, mti wenye harufu nzuri, ilisuguliwa juu ya jiwe la msio kwa matone ya maji hadi ikawa uji, ikapakwa usoni na mwilini. Katika singo, mchanganyiko anaosuguliwa bibi harusi siku za kuelekea harusi, maua makavu, liwa na marashi hukutana, na baada ya kusugua mwili huondolewa taka na kupakwa mafuta yenye harufu. Ujuzi huu ulishikwa na makungwi na masomo, wanawake waliowafunda wasichana, wakapeana kwa mdomo na kwa mikono. Salme binti Said, binti wa Sultani aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, ametoa nafasi kubwa kwa manukato katika maisha ya wanawake wa Unguja, na Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, ameandika kwa makini mila za uzazi, unyago na harusi za Mrima. Bila waandishi hao wawili mengi ya karne ya 19 yangepotea, maana wasafiri wa Ulaya walihesabu pembe za ndovu na karafuu, wasiingie uani.

Karne hiyohiyo ndiyo iliyoyatoa mafuta uani na kuyapeleka sokoni. Mwaka 1844 Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar na baba yake Salme, alitia saini mkataba wa biashara na Ufaransa, na wafanyabiashara wa Marseille wakaanza kununua ufuta wa pwani na baadaye mbata, nazi iliyokaushwa, kwa ajili ya viwanda vyao vya mafuta na sabuni. Malindi, iliyokuwa magofu tangu zamani, ilifufuliwa kuanzia miaka ya 1860 wakati wa Sultani Majid, na ufuta ukawa mmoja wa mazao yake makuu. Ni lazima isemwe wazi kwamba mashamba hayo yalilimwa na watumwa; mafuta yaliyong'arisha ngozi ya wengine yalitoka katika jasho la watu waliotekwa bara. Wakati huohuo kampuni za Hamburg, O'Swald mojawapo, zilikuwa zikisomba kauri kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, ambako makombe hayo yalikuwa fedha, na kuyanunulia mafuta ya mawese ya kupeleka Ulaya.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu mingi ya Unguja, lakini minazi ilipandwa tena, na mwanzoni mwa karne ya 20 mbata ilikuwa ya pili baada ya karafuu katika bidhaa zilizouzwa nje na Zanzibar. Nazi iliyokuwa ikikunwa nyumbani sasa ilikuwa na bei, na kila iliyokaushwa kuwa mbata ilikuwa tui lililokosekana chunguni.

Ziwa Tanganyika lilikuwa na njia yake. Huko Kigoma, Burundi na Kongo ya mashariki, mchikichi hutoa mafuta mawili: mawese mekundu kutoka katika nyama ya tunda, na mafuta ya mise kutoka katika kokwa. Mawese hutia doa nguo, kwa hiyo yalibaki zaidi chakula. Mise ndiyo iliyopakwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliyakuta mafuta ya michikichi yakiuzwa Ujiji alipofika mwaka 1858. Kaskazini mwa Uganda, Waacholi na Walango walitegemea mti mwingine kabisa, mshea, ambao siagi yake hapo ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi nyingi zaidi ya oleiki.

Pigo kwa mafuta haya yote lilitoka katika visima vya petroli. Kwanza mafuta ya taa yaliingia mwishoni mwa karne ya 19 na kuyaondoa ya nazi na ya ufuta katika taa. Kisha yakaja mafuta ya mgando. Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline huko Marekani mwaka 1872, na katika karne ya 20 jeli hiyo ilienea hadi katika vijiji vya mbali. Haikushinda kwa hila. Haichachi hata ikikaa miaka, haina harufu ya kupambana na manukato, kopo lake dogo hupatikana katika kila duka, na kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi hakuna mafuta ya mmea yanayoifikia. Kwa visigino na midomo iliyopasuka bado ni chaguo jema. Ilichokosa ni asidi za mafuta ambazo ngozi huzitumia kujenga ukuta wake wa nje, na pamoja nayo ukapungua ule ujuzi wa kutofautisha, kwa kuwa kopo moja lilitosha mtoto, mzee, kusi na kaskazi.

Kemia ya leo inaunga mkono sehemu kubwa ya uchaguzi wa zamani, na kusahihisha sehemu nyingine. Karibu nusu ya mafuta ya nazi na ya mise ni asidi ya loriki. Hulainisha vizuri ngozi kavu, lakini huweza kuziba vinyweleo vya uso wenye mafuta na kuzidisha chunusi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi, ndiyo maana ni kimiminika Tanga na ni jiwe Arusha asubuhi ya Julai. Ufuta una asidi za oleiki na linoleiki kwa viwango vinavyokaribiana, pamoja na viambato vinavyochelewesha kuchacha. Unafaa ngozi ya kawaida na ile inayoelekea ukavu. Ngozi yenye mafuta na chunusi huvumilia zaidi mafuta mepesi yenye linoleiki nyingi, kama ya alizeti, zao ambalo pwani ya kale haikuwa nalo. Mbarika, ambao karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ya risinoleiki, hufaa sehemu ngumu na nywele, au kuchanganywa na mafuta mepesi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi au vipele visivyopona apelekwe kwa daktari kwanza, kwani hata mafuta bora hayachukui nafasi ya dawa.

Tangu mwanzo wa karne hii mafuta ya mimea yamerudi madukani, mara nyingi kwa bei ambayo mama mkamuaji wa tui angeishangaa. Malighafi imebadilika pia. Minazi ya Tanzania Bara imeshambuliwa vikali na ugonjwa wa kunyong'onyea, na mingi iliyobaki ni mizee. Ufuta umehama Malindi na Lamu na kuweka makao yake makuu kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara, katika nchi ambayo sasa ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa zao hilo duniani. Sehemu kubwa ya mavuno hayo hupakiwa melini yakiwa mbegu ghafi, kwenda China, India na Japani, na hushindikwa huko.