Jenereta, mgao wa mwaka 2000 na waya ya plagi mbili

Leo naacha programu kando niongee stima. Juzi nilienda nyumbani kumfungia mzee jenereta, nikakuta stoo waya yenye plagi za meno pande zote mbili. Mzee akacheka: "Hiyo ndiyo ilituvusha mgao."

Mgao wenyewe ni wa mwaka 2000. Ukame ulikuwa umepunguza maji katika mabwawa ya mto Tana, Masinga likiwemo, na Kenya ilitegemea sana umeme wa maji. Mitambo ya dizeli ikakodiwa kwa dharura, na waliojiweza wakajinunulia jenereta. Ujuzi wa kuzifunga haukuja nazo. Mwaka 2009 ukame ukarudisha mgao, na waya yetu ikatoka tena stoo.

Ilitumikaje? Plagi moja kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani, nyumba yote inawaka. Lakini meni swichi ikisahaulika, umeme unatoka nje hadi transfoma ya mtaa. Transfoma haina mbele wala nyuma: ile inayoshusha volti 11,000, ukiilisha kinyume inapandisha. Mara nyingi jenereta ndogo huzidiwa na mzigo wa majirani ikazima. Hatari ni pale laini imekatika karibu na kwako: mzigo ni mdogo, na kuna fundi juu ya nguzo anayeamini hakuna stima. Isitoshe, plagi ikichomoka ukutani meno yake yako wazi na volti 240.

Safari hii tuliweka swichi ya chenjiova. Sisi wa programu tunaijua dhana hii: ni kufuli ya kuzuia wawili kuandika faili moja kwa pamoja, ila hii ni ya chuma. Ama laini, ama jenereta.

Kazi iliyotuchosha ni ya ardhi. Jenereta nyingi ndogo, nyutro yake haijaunganishwa na bodi, kwa hiyo stima ikivuja, kile kifaa cha kukata umeme unaovuja huenda kisishtuke. Fundi mwenye leseni alipigilia fimbo ya shaba, akaunganisha nyutro ya jenereta na ardhi mahali pamoja tu, na chenjiova yetu hubadilisha nyutro pia. Jenereta inakaa nje, mbali na madirisha, maana moshi wake huua.

Nilimuuliza mzee, enzi zile nani alikuwa anazima meni swichi.

"Mama yako," akasema. "Akikumbuka."

Waya ile nimeikata vipande vinne.