Kromosomu Ilikuwa Ileile, Tuliobadilika ni Sisi

Tarehe 21 Machi kila mwaka utaona watu mitandaoni wamevaa soksi zisizofanana. Ni Siku ya Sindromu ya Down Duniani, na tarehe haikuokotwa tu: 21/3, yaani kromosomu namba 21 ikiwa na nakala 3 badala ya 2. Umoja wa Mataifa unaiadhimisha tangu 2012. Lakini hiyo nakala ya ziada tumeijua juzi tu. Kabla ya hapo watu walieleza vipi? Hapo ndipo penye kisa.

Turudi Uingereza, 1866. Daktari John Langdon Down alikuwa msimamizi wa Earlswood, taasisi walikowekwa watu wenye ulemavu wa akili. Aliona baadhi yao wanafanana kama ndugu wa tumbo moja, ingawa hawana undugu. Mpaka hapo alikuwa sahihi kabisa. Akaharibu kwenye maelezo. Zama zile wasomi wengi wa Ulaya waliwapanga binadamu kwa ngazi za rangi, naye akatazama macho ya wagonjwa wake, akasema wamerudi nyuma kwenye rangi ya “Wamongolia”. Chanzo, alidhani, ni kifua kikuu cha wazazi. Basi watoto wale wakabandikwa jina la taifa la watu, kana kwamba kuwa Mmongolia ni maradhi.

Usimhukumu haraka lakini. Mwaka 1868 yeye na mkewe Mary walifungua nyumba yao, Normansfield, wakawafundisha wakazi wake kazi za mikono. Mwaka 1879 wakaongeza hadi ukumbi wa maigizo. Aliyewapa jina baya ndiye huyohuyo aliyeamini kwamba wanafundishika! Na baada ya yeye kufariki, mjukuu wake mmoja alizaliwa na hali hiyohiyo.

Sayansi ilichelewa. Idadi kamili ya kromosomu za binadamu, 46, ilithibitishwa 1956 tu. Miaka miwili baadaye, mjini Paris, daktari wa watoto Marthe Gautier alikuwa akiotesha seli kwenye maabara isiyo na kitu. Alikopa fedha kununua vyombo, na seli akazilisha kwa majimaji ya damu yake mwenyewe. Kwenye seli za mtoto mwenye sindromu hii akahesabu 47. Ripoti ilitoka 1959, jina la kwanza likiwa la mwenzake Jérôme Lejeune. La Gautier likafuata, tena limekosewa herufi.

Fikiria maana ya ile 47. Mara nyingi yai linapotengenezwa, kromosomu mbili za namba 21 hazitengani. Basi. Si rangi, si kifua kikuu, si laana, si mama kalogwa. Umri wa mama ukienda uwezekano unaongezeka, lakini hata binti wa miaka 20 anaweza kumzaa mtoto huyu, na hakuna alichokosea.

Ushahidi ukawa mezani, jina la zamani likakosa mguu wa kusimamia. Mwaka 1961 wanasayansi 19 waliandika kwenye jarida la Lancet wakitaka liachwe. Mwaka 1965 Mongolia yenyewe ikalalamika kwa Shirika la Afya Duniani, na shirika likaacha kulitumia.

Sasa sikiliza hili. Marekani, mwaka 1983, nusu ya watu wenye sindromu ya Down waliofariki walikuwa hawajavuka miaka 25. Mwaka 1997, kiwango hicho kilikuwa kimefika miaka 49. Miaka 14 tu! Kromosomu haikubadilika hata chembe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo, na zamani wengi walinyimwa upasuaji kwa sababu tu ya sindromu yao. Wengine walifungiwa kwenye taasisi badala ya kulelewa nyumbani. Walipoanza kutibiwa kama watoto wengine, wakaishi.

Hivyo, sehemu kubwa ya kile tulichokiita “hali yao” ilikuwa uamuzi wetu.

Na sisi je? Mtaani “zezeta” na “taahira” unayajua, na pengine umeyatumia kama utani. Bado kuna mama anaambiwa kazaa mkosi, na mtoto anafichwa chumbani wageni wakija. Mtoto aliyefichwa hapimwi moyo, wakati upasuaji wa moyo kwa watoto unafanyika hapahapa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hapelekwi shule pia, halafu tunasema “haelewi”.

Kwa hiyo soksi vaa, hakuna ubaya. Ila kesho yake ukimkuta mtoto huyo mtaani kwenu, mwulize jina lake, umwite kwa hilo. Na mama yake ukimsikia anajilaumu, mweleze habari ya ile 47.