Mtoro Anatoroka Nini? Fundisho la Vuga Kuhusu Kifua Kikuu Sugu

Katika siasa ya kale ya Usambara, ambayo makao yake makuu yalikuwa Vuga, kiongozi alipimwa kwa semi mbili za Kisambaa. Kuzifya shi ni kuiponya nchi: mvua inanyesha, chakula kinapatikana, watu wanaongezeka. Kubana shi ni kuiharibu nchi: njaa inaingia, maradhi yanaenea, wenye nguvu wanagombana na wanyonge wanaumia. Mkulima hakuuliza mtawala amesema nini. Aliuliza nchi imekuwaje chini yake.

Tunaanza na semi hizo kwa sababu bado wapo makada wanaodhani kwamba kifua kikuu sugu ni shauri la daktari na mgonjwa peke yao. Sisi tunasema ni shauri la uongozi pia, na historia ndiyo shahidi wetu.

USUGU HUZALIWAJE

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Pafu lililotobolewa na kifua kikuu laweza kubeba vijidudu milioni 100 au zaidi. Katika kila milioni 1 hivi, kimoja huwa kimezaliwa na badiliko linalokikinga na dawa ya isoniazidi. Katika kila milioni 100 hivi, kimoja hakidhuriwi na rifampisini. Mgonjwa akitumia dawa moja tu, dawa hiyo huviua vingi na kuviachia uwanja vile vichache visivyoisikia. Akitumia dawa kadhaa kwa pamoja, kila siku mpaka mwisho, kijidudu cha kuzishinda zote ni adimu mno. Ndiyo maana tiba ni ya mchanganyiko, na ndiyo maana kuikatiza ni hatari.

Kifua kikuu sugu, kwa maana ya wataalamu, ni kile kisichotibika kwa isoniazidi na rifampisini, dawa mbili zilizo nguzo ya tiba ya kawaida. Nacho humfikia mtu kwa njia mbili. Huzaliwa ndani ya mgonjwa ambaye tiba yake imevurugika. Na huambukizwa kwa hewa, kutoka kwa mgonjwa mwenye usugu kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Anayesahau njia ya pili atamlaumu kila mwenye usugu kwa kosa ambalo pengine hakulitenda.

DAWA ILITANGULIA, MPANGO UKAFUATA

Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882. Mwaka 1905 mtaalamu huyo huyo alikuwa Amani, katika Usambara ya Mashariki, akifanya utafiti katika kituo cha Wajerumani. Hakuja kwa ajili ya kifua cha Msambaa. Alikuja kuchunguza maradhi ya kupe na mbung'o. Miaka miwili baadaye, mwaka 1907, utawala uliweka katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto, mfumo wa kadi za kazi: kila mwanamume alilazimika kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Sayansi ilikuwapo mlimani, lakini haikuwa mikononi mwa watu wa mlimani.

Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka 1948 yalionyesha wagonjwa wakipata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo, kisha wengi wao wakarudi nyuma, kwa kuwa vijidudu vyao vilikuwa vimeizoea dawa. Baada ya miaka mitano, tofauti ya vifo kati ya waliopewa dawa hiyo na wasiopewa ilikuwa ndogo. Basi usugu ni pacha wa tiba tangu siku ya kwanza.

Jibu la fumbo hilo lilitafutwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 1970, majaribio yaliyofanywa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia yalithibitisha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini waweza kuponya kwa miezi sita, badala ya mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mshauri wake, Karel Styblo wa Chekoslovakia, aliwahi kuugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen. Mambo yake yalikuwa ya kawaida kabisa: kupima makohozi kwa darubini, dawa bure zisizokatika, mgonjwa kumeza mbele ya mhudumu, na daftari la kuonyesha nani amepona na nani amepotea. Mwaka 1982 tiba fupi ikaanza kutumika nchini. Nchi maskini ikawa mwalimu: miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilijenga mkakati wake juu ya misingi hiyo.

Kisha likaja pigo. UKIMWI ulitambuliwa nchini mwaka 1983, na wagonjwa wa kifua kikuu wanaoandikishwa kwa mwaka wakaongezeka kutoka 12,000 hivi hadi zaidi ya 60,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchunguzi wa taifa wa miaka ya 2006 na 2007 ulikuta usugu kwa takriban mgonjwa 1 katika kila wagonjwa wapya 100. Kiwango hicho kidogo kilikuwa tunda la nidhamu ya mpango. Hata hivyo, mpaka mwaka 2009 tiba maalumu ya usugu haikuwapo nchini. Ilipoanza Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, katika hospitali iliyojengwa mwaka 1926, mgonjwa alihitaji kukaa mbali na kwao kwa miezi mingi, kuchomwa sindano zinazoweza kuua masikio, na kuendelea na vidonge hata kufikia miaka miwili.

NENO "MTORO"

Sasa tutazame neno moja. Mgonjwa anayeacha dawa huitwa mtoro. Tujiulize neno hilo limetoka wapi. Baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, watawala wa Kilindi waligombana, na watu wa milima hii wakauzwa pwani kwa bunduki na nguo. Mtumwa aliyekimbia mashamba ya Pangani aliitwa mtoro. Ukaja mkonge, na manamba aliyeiacha kambi kabla ya mkataba kwisha akaitwa mtoro. Katika kila zama, mwenye daftari aliandika kwamba mtu ametoroka. Hakuandika ametoroka nini.

Tumpeleke mwenye daftari Vuga. Mkulima amemeza dawa miezi miwili. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi. Kabichi na nyanya zimekomaa, na lori la kwenda Dar es Salaam halimsubiri mtu. Kumfikia mhudumu ni kupanda na kushuka mlima, au kulipa nauli. Dawa ni bure, lakini siku ya kazi si bure, na chakula cha kuzistahimili dawa hizo si bure. Mama anayejificha asijulikane na mawifi zake hatoroki dawa, anatoroka aibu. Wapo pia waliofika zahanati siku yao wakaambiwa dawa hazijaletwa. Hapo mtoro ni nani?

Hatusemi kwamba mgonjwa hana wajibu. Vijidudu havisikilizi udhuru, na aliyeacha dawa aweza kuwaambukiza wanawe. Tunasema kwamba lawama haijapata kuponya mtu. Sisi wakufunzi nasi tujisahihishe: mara nyingi tumehubiri "uzembe wa wananchi" darasani bila kuhesabu nauli.

WAJIBU WA KADA

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni 2 walijifunza katika vikundi kwa kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kazi ya leo yahitaji moyo ule ule. Anayekohoa wiki mbili apelekwe kupimwa bila kunyanyapaliwa. Tangu mwaka 2010 ipo mashine ya kipimo inayotambua kijidudu na usugu wa rifampisini kwa muda wa saa mbili hivi. Kada aulize makohozi ya kijiji chake yanapimwa wapi na majibu hurudi lini. Tangu mwaka 2006 mgonjwa anaweza kumchagua msimamizi wa dawa wa nyumbani. Balozi ahakikishe msimamizi huyo yupo na anaijua kazi yake. Wote wanaoishi na mgonjwa wapimwe, na madirisha yafunguliwe hata msimu wa baridi. Mvuno wa mgonjwa uchukuliwe na majirani kwa pamoja, kama tunavyojengeana nyumba. Na dawa zikikosekana, kiongozi apige kelele kabla mgonjwa hajaandikwa mtoro.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya usugu ya miezi sita, ya vidonge tupu bila sindano. Ni ushindi mkubwa wa sayansi. Lakini dawa mpya ikiingia katika mpango uliolegea, vijidudu vitajifunza kuishinda nayo, kama vilivyofanya mwaka 1948.

Wazee wa Vuga walimpima mtawala kwa hali ya nchi. Kipimo hicho hakijachakaa. Kada akifungua daftari la zahanati akakuta majina ya waliopotea, asome hapo maksi zake mwenyewe.