Bima ya gari ya mwezi mmoja: lini inakufaa na lini inakula pesa zako

Shemeji yangu anaishi Kisauni na ana Probox kuukuu ambayo haitoki kila siku. Huitoa kukiwa na harusi, mazishi ya jamaa huko Kilifi, au mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Kwa hivyo kijana mmoja nje ya gereji alipomwambia kuna bima ya mwezi kwa shilingi 800, aliona amepata. Alipewa karatasi yenye muhuri na jina la kampuni, akaibandika kwenye kioo. Wiki mbili baadaye, kwenye kizuizi kabla ya Mtwapa, askari aliingiza namba ya gari kwenye simu yake, akanyamaza kidogo, kisha akamwuliza: "Mzee, hii gari ina bima kweli?"

Haikuwa nayo. Tulichanga pesa za dhamana jioni ile ile, na mimi nikamshukuru Mungu kwamba aliyesimama mbele ya Probox siku hiyo alikuwa askari, si mtoto anayevuka barabara akitoka chuoni.

Tangu hapo jamaa na majirani wananiuliza swali moja: je, bima ya muda mfupi, ile ya wiki au mwezi, ni halali? Na kama ni halali, mtu ataipataje kwa bei nafuu bila kupigwa? Jibu la kwanza ni ndiyo, ni halali kabisa. La pili lahitaji maelezo.

Sheria inataka nini

Sheria ya bima ya magari kwa madhara ya mtu wa tatu, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, inakataza mtu kuendesha gari barabarani, au kumruhusu mwengine aliendeshe, bila bima. Angalia hilo neno kumruhusu. Ukimpa kijana wako ufunguo aende Bamburi mara moja na gari halina bima, nawe mwenye gari una kesi.

Sheria haisemi bima iwe ya mwaka. Inasema iwepo wakati gari liko barabarani. Ndiyo maana kampuni zaweza kukuuzia ya mwezi, na kwa matatu hata ya wiki.

Kile cha lazima ni bima ya mtu wa tatu, ile madereva huita thadi pati. Hii humlipa uliyemuumiza au jamaa za uliyemuua. Hailipi gari lako. Sheria inalazimisha fidia ya mwili na uhai, na kwa dai la mtu mmoja kiwango cha lazima kinaishia shilingi milioni 3. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kilichobaki kinaweza kurudi kwako, kwa shamba lako na kwa nyumba yako. Mali uliyoharibu, kama ukuta wa mtu au gari lake, haiko katika lile sharti la sheria. Iko katika mkataba, na kila kampuni ina kikomo chake. Uliza kikomo hicho ni kiasi gani kabla ya kulipa.

Jambo jengine ambalo wengi hawalijui: katika gari la binafsi, wale uliowabeba ndani si lazima wawe wamekingwa. Sheria inalazimisha kinga ya abiria kwa magari yanayobeba watu kwa malipo. Kwa gari lako la nyumbani, kinga ya abiria ni nyongeza ambayo wapaswa kuiomba. Mtu anayejaza mama, shangazi na watoto watano kwenda maulidi angefaa kuiuliza hiyo kwanza kuliko kuulizia redio mpya.

Nani inamfaa

Huku kwetu Pwani kuna watu wa aina nne au tano ambao bima ya mwezi imewakaa sawasawa. Wa kwanza ni aliyenunua gari kwenye yadi za Mombasa na anataka kulipeleka Nairobi au Nakuru. Gari likishapata namba, haliruhusiwi kutoka bila bima, na wengi hawajaamua bado kampuni gani watakaa nayo mwaka mzima. Zile namba za KG unazoziona kwenye magari ya yadi ni za wafanyabiashara wa magari. Usidhani kinga ya muuzaji inakufuata mpaka Voi.

Wa pili ni ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba. Gari linakaa uani miezi kumi na limefunikwa turubai, mwenyewe anarudi likizo wiki sita, anazunguka, anaondoka. Kumwambia huyu alipe mwaka ni kumuonea.

Wa tatu ni mwenye kuuza gari, ambaye anajua mwezi ujao halitakuwa lake. Na hapa niseme na mnunuzi pia: bima haihami pamoja na gari. Mkataba ni baina ya kampuni na yule aliyelipa. Ukinunua gari lenye bima iliyobakia miezi minne na ukaliendesha ukijiona salama, kampuni ina njia nyingi za kukwambia hawakujui.

Halafu kuna wa matatu na tuktuk, ambao bima ya wiki au mwezi kwao ni maisha ya kila siku, kwa sababu pesa huja kwa siku. Hawa sitawafundisha, wanajua bei kuliko mimi.

Hesabu

Tatizo ni wale ambao gari hutoka kila asubuhi, lakini hulipa mwezi kwa mwezi kwa kuwa 1,500 haiumi kama 7,500. Tufanye hesabu ya mfano. Bei hizi nimezichagua ili hesabu iwe rahisi; kampuni yako itakupa zake. Tuseme thadi pati ya gari la binafsi ni 7,500 kwa mwaka na 1,500 kwa mwezi.

Juu ya bei hiyo kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima kampuni ikianguka, na shilingi 40 za stempu kwa mkataba. Kwa mwaka: 7,500 ikiongezwa 33.75 na 40, jumla ni 7,573.75. Kwa mwezi: 1,500 ikiongezwa 6.75 na 40, jumla ni 1,546.75. Miezi mitatu ni kama 4,640. Miezi mitano ni kama 7,734. Yaani kwa bei hizi, ukifika mwezi wa tano umeshalipa zaidi ya mwaka, na bado una miezi saba mbele. Anayeendelea hivyo mpaka Desemba anatoa zaidi ya 18,000 kwa kitu cha 7,500.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bei utakazopewa: gawanya ya mwaka kwa ya mwezi. Jibu likiwa tano, na wewe gari utalitumia miezi mitatu tu, chukua ya mwezi. Kama ni sita, nunua ya mwaka hata kama ni kwa kukopa kwenye chama chenu.

Na kuna gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti: kusahau. Cheti cha mwezi kinakwisha mara kumi na mbili kwa mwaka. Usiku wa kufa kwake ukikukuta uko njiani kutoka Malindi, saa sita ikipita huna bima. Mwenye bima ya mwaka ana usiku mmoja tu wa hatari.

Wenye bima kamili, ile inayolipa na gari lako, mambo yao yana utamu kidogo. Bei hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Gari la shilingi 800,000 kwa asilimia 4 ni 32,000. Ukiomba miezi mitatu tu, usitarajie 8,000. Kampuni nyingi hutumia jedwali la muda mfupi, ambalo miezi mitatu yaweza kula nusu ya bei ya mwaka na miezi sita robo tatu. Jedwali hilo hilo hutumika ukivunja mkataba katikati na kudai urudishiwe. Kwa hiyo badala ya kuomba muda mfupi, omba mwaka kwa awamu. Kampuni nyingi hukubali awamu mbili au tatu na hukupa cheti cha muda uliolipia. Bima iliyokatwa vipande namna hii ni nafuu kuliko vipande vilivyonunuliwa kila kimoja peke yake. Swali la kumuuliza wakala ni moja: "Nikilipa kwa awamu, jumla inabaki ile ile?"

Urahisi uliomponza shemeji

Siku hizi cheti cha bima ni cha kidijitali. Kampuni hukisajili kwenye mfumo unaoendeshwa chini ya Chama cha Kampuni za Bima Kenya, AKI, na askari huangalia humo, haangalii uzuri wa muhuri. Wewe pia unaweza kuangalia kwa namba ya gari kupitia programu ya simu ya chama hicho. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama mbele ya aliyekuuzia, kabla hajapanda bodaboda akaondoka. Soma vitu vinne: namba ya gari, jina la kampuni, tarehe na saa ya kuanza na kwisha, na aina ya cheti.

Aina ya cheti ndiyo inayowaangusha hata waliolipa kihalali. Kuna cheti cha gari la abiria, cha gari la biashara, cha gari la binafsi na cha pikipiki. Probox iliyokatiwa ya binafsi ikipakia samaki wa kuuza, au ikabeba watalii kwa malipo kutoka Diani hadi uwanja wa ndege, imetoka nje ya mkataba. Ya binafsi ni rahisi zaidi, ndiyo maana watu huichukua. Lakini siku ya ajali swali la kwanza la mkaguzi wa kampuni huwa gari lilikuwa linaenda kufanya nini, na abiria wako hawatakudanganyia.

Kuhusu pesa, sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari kabla haijalipwa. Hakuna bima ya "nitakuletea Ijumaa". Lipa kwenye namba ya malipo ya kampuni yenyewe, si kwenye simu ya mtu, na jina litakalotokea kwenye M-Pesa liwe ni la kampuni. Wakala mwaminifu hatakasirika ukimwambia hivyo. Majina ya kampuni, mawakala na mabroka wenye leseni yako kwenye tovuti ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, na orodha hiyo hubadilika, kwa hivyo ile ya mwaka juzi haikusaidii.

Rahisi kupita kiasi nayo ni ishara. Wenye matatu wanaikumbuka United iliyowekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2005, na Blue Shield 2011. Watu walikuwa na vyeti halali kabisa, walipata ajali, na hukumu za mahakama zikawafuata wao kwa kuwa kampuni haikuwa na cha kulipa. Ule mfuko wa fidia upo, lakini una kikomo na una foleni.

Wasomaji Waislamu huniuliza kuhusu takaful. Takaful Insurance of Africa ilianza hapa nchini 2011 kwa mfumo wa kuchangiana unaofuata sharia, na bima ya gari imo katika huduma zake. Cheti chake ni sawa na chengine mbele ya askari. Waulize muda na bei kama utakavyouliza kwengine.

Ukivuka Lunga Lunga kwenda Tanga, thadi pati ya Kenya inaishia mpakani. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo hupandishwa juu ya bima uliyonayo na huweza kukatwa kwa siku chache za safari. Ila bima ya nyumbani lazima iwe hai kwa muda wote huo. Ukiwa na ya mwezi inayokwisha Jumanne na arusi ya Tanga ni Jumamosi, tengeneza ya Kenya kwanza.

Na ukigonga, hata kwa bima ya wiki moja, piga ripoti polisi na uchukue abstrakti, ijulishe kampuni siku hiyo hiyo, wala usikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani. Mkataba mara nyingi unakukataza. Karatasi yoyote ya wakili au ya mahakama ikikufikia baadaye, ipeleke kwenye kampuni mara moja na ugongewe muhuri wa kupokewa. Nimewaona watu wakiiweka juu ya kabati, wakidhani bima ikishakwisha na kesi nayo imekwisha. Ajali ilitokea cheti kikiwa hai, na kampuni ile ile ndiyo inayopaswa kujibu, hata ikiwa ni miaka miwili baadaye na gari umeshaliuza.