Imeungua au Imeunguzwa? Lugha ya Mafundi Redio wa Usukumani

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 wa Tanzania katika vikundi vya kusikiliza redio. Mengi yamekwisha kuandikwa kuhusu vipindi vile na vitabu vyake. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo halikupewa uzito: redio huharibika. Katika vijiji vya pamba vya Shinyanga visivyokuwa na umeme, redio ya betri ilipokaa kimya, kikundi kizima kilikosa somo, na aliyetafutwa hakuwa mwalimu bali fundi.

Katika mhadhara huu ninakusudia kumtazama fundi huyo kwa jicho la isimu. Redio alizozifungua zilikuwa za transista, kifaa kilichobuniwa Marekani mwaka 1947. Miongoni mwazo zilikuwamo National za kiwanda cha Matsushita kilichokuwa Dar es Salaam. Mchoro wa sakiti, ulipopatikana, haukuwa wa Kiswahili. Kazi yenyewe ilisemwa kwa Kiswahili na Kisukuma, na mwanafunzi alijifunza kwa kukaa kando ya fundi mkuu.

Redio isiyosema hugawanywa kwanza. Fundi huifungulia sauti, kisha hugusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kitasa cha sauti. Spika ikikwaruza, sehemu ya nyuma inayokuza sauti ni nzima. Ugonjwa uko mbele, kwenye koili za kunasia stesheni au kwenye dayodi. Spika ikinyamaza, atafute nyuma. Kwa mguso mmoja nusu ya sakiti imeondolewa katika shaka.

Sasa tutazame vitenzi vyake. Waya umekatika, kapasita imevuja, rezista imeungua. Vyote vinataja hali bila kumtaja mtenda, na ndivyo ifaavyo mwanzoni, kwani fundi huanza na anachokiona. Mwanafunzi mchanga huishia hapo. Hubandua rezista iliyoungua, hulehemu mpya, hutia betri, na hiyo mpya nayo huungua. Fundi mkuu huuliza swali jingine: imeunguzwa na nini? Kwa kanuni aliyoitangaza Ohm mwaka 1827, volti zikiwa zilezile, ukinzani ukipungua mkondo huongezeka. Kapasita iliyopiga shoti mbele ya rezista huvuta mkondo mkubwa, nayo rezista hulazimika kuupitisha. Rezista, basi, ni majeruhi tu. Mkosaji ni kapasita, ambayo kwa macho huenda ikaonekana nzima kabisa. Safari yote ya kujifunza ufundi imo katika viambishi viwili, kile cha kutendesha na kile cha kutendwa: kutoka *ungua* hadi *unguza*, kutoka *unguza* hadi *unguzwa*.

TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilitufanyia kazi kubwa. Lakini sisi wanaistilahi (nami najihesabu miongoni mwao) tumezoea kukusanya nomino. Tumelipatia kila kipande jina. Namna ya kukiuliza kipande hicho kimepatwa na nini tumewaachia mafundi.

Geita imeleta vifaa vingine. Baada ya mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 2000, wachimbaji wadogo nao waliendelea na kazi zao, na baadhi yao hutumia detekta: koili yake hutoa uga wa sumaku unaobadilika, na metali iliyo ardhini ikiuvuruga, chombo hulia. Fundi wa redio hakuti ugeni mkubwa humo. Detekta inayolia pasipo na metali humrudisha kwenye swali lilelile: inalizwa na nini? Hutikisa waya wa koili kwanza, kabla ya kuigusa sakiti.

Kijana wa Katoro anayeweza kuuliza hivyo akiwa kibandani hukutana tena na sakiti katika mtihani wa fizikia wa kidato cha nne. Hapo huulizwa kwa Kiingereza, na hutakiwa kueleza kwa Kiingereza kwa nini rezista imeungua. Nimewasikia vijana wa namna hiyo wakilieleza jambo hilo vizuri kuliko kitabu, na karatasi zao za majibu zikabaki nyeupe.