Jina la Nani Juu ya Makala?

"Sayansi! Wa Sayansi sogeeni mlangoni!" Makonda wa daladala zinazopita Kijitonyama, Dar es Salaam, huita hivyo kutwa nzima, na abiria hushuka wakaendelea na shughuli zao bila kuwaza jina la kituo limetokana na nini. Hapo ndipo zilipo ofisi za Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mtafiti wa kigeni anayetaka kuchimba, kupima au kuhoji watu nchini huomba kibali kwa tume hiyo, na miongoni mwa mambo anayotakiwa kuonesha ni mtafiti wa hapa nchini atakayeshirikiana naye.

Kwa anayejaza fomu, takwa hilo linaweza kuonekana kama karatasi nyingine tu ya serikali. Lakini nyuma yake kuna miaka mingi ya watu walioona, waliookota na waliopima, na makala zilipotoka kwenye majarida ya kitaaluma majina yao hayakuwamo.

Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, mtafiti Mary Leakey alitoka kambini akimwacha mumewe, Louis, amelala na homa. Akiwa anatembea kwenye mteremko aliona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, kisha meno makubwa. Lilikuwa fuvu la kiumbe aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na laki saba iliyopita, ambalo dunia ililifahamu kwa jina la Zinjanthropus. Mwezi mmoja baadaye jarida la Nature lilichapa makala ya kulitangaza. Mwandishi aliyetajwa alikuwa mmoja: L.S.B. Leakey, yaani Louis.

Hakuna kanuni ya jarida iliyovunjwa siku ile, na tatizo lilikuwa hapo hasa. Mkuu wa msafara ndiye aliyeamua nani aitwe mwandishi. Ikiwa mke, mwanasayansi kamili, aliweza kukosa nafasi juu ya makala, basi vibarua waliochekecha udongo juani hawakuwa hata na mlango wa kubisha.

Miaka michache baadaye, Usambara, kijana mmoja alikuwa anatengeneza askirimu.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba mwaka 1963. Wanafunzi walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe ndipo wayaingize kwenye jokofu. Siku hiyo nafasi ilikuwa haba. Mwenzake alipoingiza mchanganyiko wake bila hata kuuchemsha, Mpemba aliona asiposukuma chombo chake haraka ataikosa nafasi, akakiingiza maziwa yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi. Askirimu ya Mpemba ilikuwa imeganda. Ya mwenzake bado ilikuwa uji mzito.

Alipouliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, na kusoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, aliuliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Jibu likageuka utani wa darasa. Lakini kati ya shule hizo mbili Mpemba alikuwa amepata ushahidi wake mahali pengine: wauza askirimu wa mjini Tanga walimwambia kwamba wao huingiza mchanganyiko ukiwa wa moto kwa sababu huganda upesi.

Ndipo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu Dar es Salaam, akaenda Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama na swali lake lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka; alikiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu.

Ahadi hiyo ilitekelezwa Mlimani, kwenye chuo chake. Osborne alimpa kazi fundi maabara kijana. Fundi alirudi na taarifa kwamba maji ya moto yalitangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Hapo pana somo zima la maadili ya uchapishaji, na wala hakukuwa na nia mbaya. Fundi alifundishwa jibu kabla ya kupima, naye akaona kosa liko kwenye vipimo vyake. Makala ngapi duniani zimeharibiwa na subira ya namna hiyo, ya kurudia jaribio mpaka likubaliane na kitabu? Kilichookoa kazi ile ni kwamba marudio yalifanywa kwa haki, na matokeo hayakugeuzwa.

Mwaka 1969 jarida la Uingereza la Physics Education lilichapa makala yao kwa kichwa kifupi: "Cool?" Jina la kwanza lilikuwa Mpemba, la pili Osborne. Mpemba alikuwa bado mwanafunzi, safari hii katika chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Na si jina tu alilopewa: sehemu ya mwanzo ya makala ni simulizi yake mwenyewe, kwa kauli yake mwenyewe, na Osborne anafuata na vipimo vya maabara.

Ni rahisi kuona jinsi mambo yangeweza kwenda upande mwingine. Mhadhiri angeandika peke yake, akamshukuru "mwanafunzi mmoja wa Iringa" chini kabisa ya ukurasa, na hakuna mhariri ambaye angemuuliza. Uamuzi wa Osborne haukulazimishwa na mtu. Ndiyo sababu leo wanafizikia wa Canada na wa Japani wanapozungumzia jambo hili hulitaja kwa jina la kijana wa Magamba.

Mfano huo haukuenea haraka. Agosti 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu kati ya kokoto nyeusi. Jicho lake lilijulikana tangu mwaka 1964, alipopata taya la kale Peninj, karibu na Ziwa Natron upande wa Tanzania. Kipande cha Turkana kilifungua njia ya kupata karibu mifupa yote ya mtoto mmoja wa kale. Makala ya kutangaza ugunduzi huo ilitoka kwenye Nature mwaka 1985 ikiwa na waandishi wanne. Kamoya hakuwa mmoja wao. Mwaka huohuo Rais Ronald Reagan alimkabidhi medali ya National Geographic. Medali ni heshima kubwa, lakini orodha ya waandishi ndiyo inayosomwa na kamati za ajira na wafadhili.

Katika mwaka huo pia wahariri wa majarida ya tiba, waliokutana kwanza Vancouver mwaka 1978, walitoa mwongozo wa nani astahili kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kuibuni kazi au kuchambua matokeo, ashiriki kuiandika au kuirekebisha, na aidhinishe toleo la mwisho. Baadaye likaongezwa sharti la kukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mwaka 1997 wahariri wa Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ambayo sasa ina wanachama nchi nyingi.

Miongozo hiyo ina makali pande mbili. Inamtetea aliyefanya kazi akaachwa, na inamzuia asiyefanya kazi kuingizwa. Hili la pili linagusa moja kwa moja vyuo vyetu, kwa kuwa mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho. Msimamizi anayedai jina lake litangulie kwenye makala ya mwanafunzi aliyokesha nayo peke yake anachukua kisicho chake. Majarida ya kitapeli yanakula palepale: yanatuma barua za kusifu, yanadai ada, na yanachapa bila msomaji hata mmoja mwenye ujuzi kuipitia kazi.

Kuwajibika ni pamoja na kukubali kupingwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapa makala kwenye Scientific Reports wakidai hawakupata ushahidi wa kuaminika kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada walionesha kwenye Nature, kwa kutumia chembe ndogo mno badala ya barafu, kwamba kitu cha moto zaidi kinaweza kweli kutangulia kupoa. Mjadala upo wazi, na kila upande umeweka vipimo vyake mezani.

Tandika na Mbagala, jijini Dar es Salaam, nyumba nyingi zina kibao mlangoni: "Barafu zinauzwa." Akina mama hukoroga ubuyu au ukwaju, wakajaza kwenye vifuko, wakafunga fundo na kuvipanga kwenye friji. Kila mmoja ana ujuzi wake kuhusu kinachoganda upesi, kama walivyokuwa nao wale wauza askirimu wa Tanga, ambao walijua kabla ya Mlimani. Wao wameingia kwenye makala ya 1969 kama wauzaji tu. Na yule fundi kijana aliyeshika kipimajoto, akaona maji ya moto yakitangulia, akarudia tena na tena: katika simulizi inayofundishwa duniani kote, bado anaitwa fundi.