Mji wa Geel na Wagonjwa wa Akili

Mtu akivunjika mguu jamaa zake humwuguza hata apone. Lakini yule aliyeharibikiwa na akili kwa miaka mingi, ambaye dawa hazikumponya, akae wapi? Katika nchi nyingi jibu lilikuwa mnyororo, au gogo mguuni, au ukuta mrefu. Mji mmoja wa Ubelgiji uitwao Geel, ulio mashariki ya bandari ya Antwerp, ulijibu kwa namna nyingine.

Asili yake ni hadithi. Yasemekana kwamba Dymphna, binti wa mfalme wa Ireland, alimkimbia baba yake, aliyerukwa na akili kwa kufiwa na mkewe hata akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Baba alimfuata mpaka Geel, akamwua. Habari hizi ziliandikwa katika karne ya 13, muda mrefu baada ya wakati unaotajwa, kwa hiyo hatuwezi kuzishika kama historia. Walakini watu waliziamini, wakaja kuomba kaburini pake pamoja na wagonjwa wao wa akili. Mwaka 1349 likaanza kujengwa kanisa kubwa, na baadaye kando yake chumba cha wagonjwa, ambamo walikaa siku tisa katika sala. Chumba kikajaa. Basi waliongojea zamu yao, na wale ambao siku tisa ziliwapita wasipone, wakapangishwa katika nyumba za wakulima. Wengine hawakurudi kwao kabisa.

Mtu asidhani kuwa ilikuwa huruma tupu. Mkulima alilipwa, tena alipata mikono ya kumsaidia shambani. Tabibu Mfaransa Esquirol alikwenda kutazama mwaka 1821, na katika karne hiyo wako waliotiwa pingu miguuni. Hata hivyo mgonjwa alikaa mezani pamoja na wenyeji, akatembea njiani kama watu wengine, na mtoto wa nyumba alimzoea tangu utotoni. Mimi naona jambo hili la watoto ndilo kubwa kuliko yote: kumwogopa mwenye wazimu ni jambo la kufundishwa, nao hawakufundishwa.

Mwaka 1850 Serikali ya Ubelgiji ilitoa sheria ya kuitwaa kazi hiyo. Waganga na wakaguzi wakawekwa, na mwaka 1862 ikafunguliwa hospitali ndogo, ili aliyezidiwa apelekwe huko, kisha arudi nyumbani kwake. Waliojulikana kuwa wachomaji wa nyumba au wauaji hawakupokewa. Mwaka 1938 wageni hao walizidi 3,700. Baada ya hapo hesabu ikashuka sana, maana dawa mpya zilipatikana na wakulima wakapungua. Mwanzoni mwa karne ya 21 walikuwa mia tano hivi. Desturi yenyewe haikufa, na mwaka 2023 UNESCO iliiandika miongoni mwa mifano bora ya kutunza urithi wa watu.

Wenyeji hawawaiti wagonjwa. Jina wanalolitumia lina maana ya mtu alaye na kulala kwa watu kwa malipo, basi. Na mwenye nyumba akizeeka au kufa, mara nyingi mwanawe humpokea mgeni yule yule, ambaye huenda ndiye aliyemtembeza mkononi alipokuwa mdogo.